BARIDI YA OFISINI, JASHO LA BARAZANI



Mwezi wa Februari, wakati joto la Dar es Salaam linapowafuata watu hata chini ya miembe, mmoja wetu alikwenda katika ofisi moja ya umma kufuatilia hati ya kiwanja cha kigango. Barazani walikuwapo watu wapatao thelathini, wazee kwa vijana, wakijipepea kwa bahasha zilizobeba shida zao. Juu ya vichwa vyao ilifungwa mashine ya nje ya kiyoyozi, ikiwapulizia hewa ya moto. Jina lake lilipoitwa, aliingia ndani akakuta baridi kama ya Njombe mwezi wa Julai. Karani aliyempokea, mama wa makamo, alikuwa amevaa sweta na kujitanda kanga mabegani, na madirisha yote ya chumba yalikuwa yamepigiliwa misumari. Alipoulizwa kwa nini asipunguze baridi hiyo, mama yule alijibu kwa sauti ya chini kwamba rimoti hukaa kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini tangu Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Watu thelathini walikuwa wakiteswa na joto, na joto lililotolewa chumbani likiongezwa juu yao. Mtu mmoja alikuwa akiteswa na baridi. Na mkubwa, ambaye baridi hiyo ilitengenezwa kwa heshima yake, hakuwapo. Umeme uliliwa siku nne mfululizo, na hapakuwa na mtu hata mmoja, ndani wala nje, aliyepata raha kutokana na umeme huo.

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu watashangaa. Kijarida hiki kimezoea kuandika juu ya migogoro ya ardhi, haki za wajane, rushwa, na mahabusu wanaokaa rumande miezi mingi bila kesi zao kusikilizwa. Kiyoyozi ni kitu gani mbele ya hayo? Jibu letu ni kwamba haki haikai mahakamani peke yake. Nani anapata kivuli, nani anapata upepo, nani anaruhusiwa kufungua dirisha, na nani anailipia raha ya mwenzake: hayo nayo ni maswali ya haki, tena ya kila siku. Aidha, jambo hili limekwisha kuingia nyumbani mwetu, kama tutakavyoeleza huko mbele.

Yafaa tukumbuke kwamba mashine hii haikubuniwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alisanifu mtambo wa kupoza na kukausha hewa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Unyevu wa majira ya joto ulikuwa ukizifanya karatasi zitanuke na kusinyaa, hata rangi zikakosa kukaa mahali pake. Mteja wa kwanza wa kiyoyozi, basi, alikuwa karatasi. Binadamu alifuata baadaye. Nasi tukitazama ofisi nyingi za kwetu tunaona kwamba karatasi bado zinatunzwa vizuri kuliko karani anayezishika.

Baadaye wataalamu walijaribu kuipima raha yenyewe. Mwaka 1970 Povl Ole Fanger wa Denmark alichapisha kitabu ambacho kimekuwa msingi wa viwango vya majengo katika nchi nyingi. Alieleza kwamba mtu hasikii joto la hewa tu. Mambo sita hushirikiana: joto la hewa, joto linalotoka katika kuta, dari na vioo vinavyomzunguka, mwendo wa hewa, unyevu, nguo alizovaa, na kazi anayoifanya. Rimoti ya ofisini hushughulika hasa na jambo la kwanza, nayo ndiyo njia ya gharama kubwa kuliko zote. Pazia na mti wa kivuli hugusa la pili. Pangaboi hugusa la tatu. Shati la mikono mifupi hugusa la tano. Ajabu ni kwamba hizi njia za bei nafuu ndizo tunazozionea aibu. Hata hivyo, kwa hesabu za Fanger mwenyewe, chumba kikirekebishwa kwa ustadi wote bado watu wapatao 5 katika kila 100 hawataridhika. Hakuna nyuzi moja ya joto inayowafaa watu wote, na ofisi inayoongozwa kana kwamba ipo itakuwa na mtu anayeumia kimya.

Viwango vilivyotokana na hesabu za namna hiyo vilikuwa na kasoro nyingine. Kipimo cha nguvu ambazo mwili huzitumia mtu akiwa ameketi kazini kilichukuliwa kwa mwanamume wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walichapisha vipimo vya wanawake vijana 16 waliofanya kazi nyepesi za ofisini, wakaonyesha kwamba kipimo cha zamani kinaweza kumzidishia mwanamke kwa hadi asilimia 35. Maana yake, chumba kinapozwa kwa ajili ya mwili unaotoa joto jingi kuliko mwili ulioketi ndani yake. Ulikuwa utafiti mdogo, wala hatutaki kuubebesha mzigo kuliko uwezo wake. Lakini mama yule wa sweta na kanga hakuhitaji kwenda Uholanzi kuyajua hayo.

Jambo lililotutia moyo zaidi ni jingine. Mwaka 1998 Richard de Dear na Gail Brager walichapisha uchambuzi wa majibu yapatayo 21,000, yaliyokusanywa katika majengo 160 ya nchi mbalimbali. Waliona kwamba watu wanaofanya kazi katika majengo yenye madirisha yanayofunguka huridhika na joto linalokwenda pamoja na majira ya mahali pao, hata lile ambalo wenzao waliofungiwa na viyoyozi hulikataa. Kanuni iliyotokana na kazi hiyo iliingizwa mwaka 2004 katika kiwango cha chama cha wahandisi cha Marekani kiitwacho ASHRAE. Tumeifanyia hesabu kanuni hiyo kwa ajili ya pwani yetu. Mahali ambapo wastani wa joto la mwezi ni nyuzi 28 za sentigredi, kama Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto linalofaa zaidi ndani ya jengo la madirisha wazi ni kama nyuzi 26 na nusu, na watu 80 katika kila 100 wanatazamiwa kuridhika hata likifika nyuzi 30. Linganisheni hesabu hiyo na nyuzi 16 na 18 ambazo tumeziona kwa macho yetu katika rimoti za ofisi.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu moja ni mazoea ya mwili. Sehemu nyingine ni madaraka. Mtu awezaye kufungua dirisha, kusogeza kiti, kuvua koti au kuwasha pangaboi huchukuliana na joto kwa namna tofauti kabisa na mtu aliyepangiwa hali ya hewa na mwenziwe aliye chumba kingine. Sisi tunaliona hili kuwa kiini cha jambo lote. Mara nyingi baridi kali ya ofisini haikuwekwa kwa ajili ya raha ya mtu yeyote. Imewekwa kwa ajili ya cheo. Ni kama zulia na kiti cha kuzunguka: humjulisha aingiaye kwamba hapa anakaa mkubwa. Na kwa kuwa ni alama ya cheo, hakuna aliye chini anayethubutu kuigusa, hata mwenye cheo akiwa hayupo.

Hapa tuondoe dhana moja potofu inayoligharimu taifa letu umeme mwingi. Watu huamini kwamba kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 16 kitakipoza chumba upesi zaidi. Mashine nyingi za kawaida hupoza kwa nguvu ileile, ukiandika 16 au ukiandika 25. Tofauti ni kwamba ile ya 16 huenda isifike kamwe, nayo itakula umeme kutwa nzima. Ni sawa na msafiri anayedhani gari moshi litakwenda mbio zaidi akikata tiketi ya kituo cha mbali. Nchini India idara ya serikali inayosimamia matumizi bora ya nishati inakadiria kwamba kila nyuzi moja inayopandishwa huokoa kama asilimia 6 ya umeme wa mashine, na tangu Januari 2020 viyoyozi vya vyumbani vinatakiwa kutoka kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Mnunuzi akitaka kubadili, hakatazwi. Ila anaanzia mahali pa busara.

Tuseme pia habari ya pangaboi, chombo kilichodharauliwa bila kosa. Kiyoyozi cha chumba cha kawaida, kile ambacho mafundi hukiita cha BTU 12,000, hutumia wati 1,000 au zaidi kidogo kinapofanya kazi. Pangaboi la darini hutumia kama wati 70. Umeme wa mashine moja ungezungusha mapangaboi kumi na manne. Upepo wake humfanya mtu ajisikie kana kwamba joto limepungua kwa nyuzi mbili au tatu, ingawa kipimajoto cha ukutani hakikusogea. Kwa hiyo penye vyombo hivyo viwili, kiyoyozi chaweza kuwekwa nyuzi 26 au 27 na watu wakajisikia kama wako kwenye 24, bila mtu kuvaa sweta. Lakini pangaboi lizimwe watu wanapotoka, kwa kuwa hupoza watu tu, halipozi chumba.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na kipimajoto, lakini walizijua tabia za kaskazi na kusi. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene zikichelewa kupata moto. Vyumba vilikuwa vyembamba, kwa maana boriti ya mkoko haiendi mbali, na dari zikawa za juu. Ua wa ndani uliiruhusu hewa ya moto kupanda na kutoka. Vichochoro vilikuwa vya kupishana kwa bega ili nyumba moja iipe nyingine kivuli. Baraza ya nje ilimpa mgeni mahali pa kukaa pasipo jua. Barazani pa siku hizo hapakuwa mahali pa kuwaadhibia watu. Hata majengo mengi ya ofisi na shule yaliyojengwa pwani katika miaka ya 1950 na 1960 yalikuwa na varanda pana, vizuizi vya jua vya zege, na madirisha ya luva yaliyopitisha upepo huku yakizuia mvua.

Tukayafanya nini? Tumeyaziba. Luva zimeondolewa, mahali pake pakawekwa kioo kisichofunguka, varanda zimegeuzwa kuwa vyumba, na kila dirisha limeshikishwa mashine yake kama kupe. Majengo mapya ya vioo tumeyanakili kutoka nchi za baridi, ambako kioo hukaribisha jua linalotamaniwa. Kwetu karibu na ikweta jua la asubuhi na la alasiri huingia kwa ubavu. Ukuta wa kaskazini au wa kusini hukingwa na upenu wa kawaida, ila ukuta wa kioo unaotazama magharibi ni tanuri. Mjenzi anayelisimamisha jengo la namna hiyo huwa amekwisha kuamua ankara ya umeme ya miaka hamsini, na hakumwuliza mtu.

Si kwamba njia nyingine haikuonekana barani kwetu. Mwaka 1996 jengo la Eastgate lilifunguliwa mjini Harare, nchini Zimbabwe, lenye maduka na ofisi. Msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kwa vichuguu vya mchwa. Usiku, hewa baridi ya mji ule huvutwa kwa feni ikapita katika nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu za zege, ikazipoza. Mchana sakafu hizo huipoza hewa inayoingia vyumbani, na ile iliyopata moto hutoka kwa mabomba marefu ya juu. Jengo halikufungwa mtambo wa kawaida wa viyoyozi, na matumizi yake ya umeme ni madogo sana kuliko ya majengo ya aina yake. Lakini tuseme ukweli: Harare iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,500, na usiku wake ni wa baridi. Usiku wa Tanga au Mombasa hautoi zawadi hiyo. Anayetaka kuiga, aige akili ya kuuliza mahali pake kuna nini, kisha ajenge.

Wapo pia walioanzia kwenye nguo. Mwezi wa Juni 2005 Wizara ya Mazingira ya Japani, chini ya Waziri Yuriko Koike, ilianzisha kampeni iliyoitwa Cool Biz. Ofisi ziliombwa ziweke nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na watumishi waruhusiwe kuacha tai na koti. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi alionekana hadharani bila tai, na hilo lilifanya kazi kuliko waraka wowote. Wauza tai walilalamika sana, kama ilivyotazamiwa. Wakati wa baridi wakaombwa waweke nyuzi 20 na kuvaa nguo nzito. Baada ya tetemeko la ardhi la Machi 2011 na ajali ya mitambo ya nyuklia ya Fukushima, watumiaji wakubwa wa umeme katika maeneo ya Tokyo na Tohoku waliagizwa kupunguza asilimia 15 majira yale ya joto. Yako pia malalamiko ambayo hatuna haki ya kuyaficha. Katika ofisi zilizojaa watu na kompyuta, nyuzi 28 bila upepo ziliwachosha wafanyakazi. Kuokoa umeme kwa kumtesa karani ni kosa lilelile la awali, limevaa nguo nyingine.

Sisi hatukuhitaji kungoja Japani. Katika miaka ya 1970 mtumishi wa Tanzania au Zambia aliyevaa suti ya Kaunda ya mikono mifupi, bila tai, alihesabiwa kuwa amevaa kwa heshima kamili. Leo tumerudi kwenye sufu na tai shingoni katika miji ya nyuzi 32, kisha tunaiomba mashine ituletee hali ya hewa ya mavazi yetu. Hata Nairobi, mji wa baridi ya wastani, Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku suti ya Kaunda katika Bunge. Hatuingilii kanuni za Bunge la watu. Tunasema tu kwamba mavazi yanayolazimishwa na taratibu za ofisi huonekana mwisho wa mwezi katika ankara ya umeme.

Ankara hiyo nani anailipa? Katika ofisi ya umma inalipwa kwa kodi, na mlipa kodi mmojawapo ni yule anayejipepea kwa bahasha barazani. Watanzania wanaikumbuka migawo ya umeme ya mwaka 2006, ya 2011, na ile iliyoanza tena 2023 hadi mapema 2024. Kinyozi alifunga kazi, samaki wa mama lishe wakaharibika, mtoto akasoma kwa mwanga wa simu. Na katika ofisi kubwa jenereta ikanguruma ili baridi isikatike. Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kutoa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme, nasi tunashukuru. Lakini wingi wa maji haujawahi kuwa sababu ya kutoboa mtungi. Mwananchi anayenunua umeme wa LUKU kwa shilingi elfu mbili mbili anajua kila uniti imekwenda wapi. Ofisi inayoletewa ankara baada ya mwezi haijui, wala haijali.

Tena kuna gesi inayozunguka ndani ya mashine. Ile ya zamani, R-22, huharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 pamoja na marekebisho yake unazitaka nchi zetu ziache kuitumia ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Iliyochukua nafasi yake katika mashine nyingi, R-410A, haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikivujia angani hupasha dunia joto kama kilo 2,000 za hewa ukaa. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Fundi anayeifungulia gesi hewani ili ajaze mpya, kwa sababu hana chombo cha kuikusanyia, anafanya jambo zito bila kujua, na sisi tuliomwita tunasimama pembeni tukimtazama.

Isidhaniwe kwamba tunalichukia ubaridi au tunawasifia watu mateso. Joto ni adui wa kweli. Chanjo, damu ya akiba na dawa nyingi huhitaji baridi ya uhakika. Mgonjwa, mzee na mama aliyejifungua juzi wanayo haki ya chumba kinachovumilika. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba kati ya watu bilioni 2.8 wanaoishi katika sehemu zenye joto kali zaidi duniani, ni asilimia 8 tu waliokuwa na viyoyozi. Wengi watavihitaji, na wanastahili kuvipata. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kutovichezea mahali pasipo na haja. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja kuongezeka kwa matumizi ya viyoyozi kuwa mfano mmoja wa mazoea yenye madhara, na katika waraka uleule akamtaja kwa wema mtu mwenye uwezo wa kulipa ambaye hata hivyo huvaa nguo nzito na kutumia joto kidogo la mashine. Wasomaji wetu wa Njombe, Makete na Mbeya walione hilo la pili kuwa lao: hita moja ya wati 2,000 chini ya meza hula umeme wa viyoyozi viwili, na mara nyingi kinachohitajika ni kuziba ufa chini ya mlango na kusogeza meza kwenye jua la asubuhi.

Sasa tuingie nyumbani mwetu. Parokia kadhaa za pwani zimo katika mipango ya kufunga viyoyozi ofisini, na mahali pengine hata katika ukumbi. Fedha zinatoka katika michango ya jumuiya ndogo ndogo, yaani katika mkoba wa mama anayeuza maandazi. Hatusemi wasifunge. Tunasema kamati ya fedha isikubali ankara ya fundi kabla mtu hajapanda darini kuona kama bati lina dari chini yake. Paa la bati lisilo na dari hummiminia karani joto kutwa, na mashine itakayofungwa hapo itakuwa ikishindana na paa hilo kila siku kwa fedha za waamini. Rangi nyeupe juu ya bati, dari ya kawaida yenye matundu ya kutolea hewa, upenu au mti upande wa magharibi, na madirisha yaliyozibwa yakifunguliwa tena na kuwekwa wavu wa mbu: baada ya hayo, chumba kipimwe upya. Huenda pangaboi likatosha. Ikiwa halikutosha, inunuliwe mashine ya kiasi cha chumba. Mashine kubwa mno hukipoza chumba haraka ikazima kabla haijaukausha unyevu, na watu wakabaki katika baridi ya majimaji inayonuka ukungu.

Na wenye kukaa chumbani waulizwe. Tungependa Halmashauri ya Walei ya kila parokia iwaite katika kikao kimoja katibu wa ofisi, mhasibu, mhudumu wa usafi na mlinzi wa getini, iwasikilize kuhusu joto na baridi ya mahali wanapofanya kazi, kisha ikubaliane nao kiwango. Sisi tunapendekeza kisishuke chini ya nyuzi 25. Mlinzi apate kivuli na maji ya kunywa kutoka katika fedha zitakazookolewa, na hesabu ya fedha hizo isomwe hadharani pamoja na hesabu nyingine za robo mwaka. Mashine ya nje isifungwe mahali inapowapulizia watu wanaosubiri. Kama imekwisha kufungwa hapo, ihamishwe, au benchi lihamishwe leo. Rimoti itundikwe ukutani chumbani, mahali ambapo anayesikia baridi anaweza kuifikia bila kuomba ruhusa. Vichujio vioshwe kila mwezi tangu Novemba hadi Machi. Na fundi akija kuongeza gesi, aulizwe kwanza ile ya zamani ilivujia wapi.